Kwanza Vizibo, Mihimili Baadaye

Siku yangu ya tatu ya TP niliingia darasa la tatu na andalio la somo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Mada: takwimu. Kwenye karatasi ya manila nilikuwa nimechora grafu ya mihimili kwa rula, kila mhimili na rangi yake, ikionesha magari yaliyouzwa na duka fulani kuanzia Januari hadi Mei. Nikaibandika ubaoni na kuuliza: "Mwezi wa Machi yaliuzwa magari mangapi?" Mikono kibao juu. "Thelathini!" Sahihi. "Mwezi gani yaliuzwa mengi zaidi?" "Aprili!" Sahihi tena. Nikajiona nimeshakuwa mwalimu. Halafu, kwa kutaka tu kufunga kipindi, nikamwuliza binti mmoja wa dawati la mbele: "Haya, picha hii inatuambia nini?" Akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni maghorofa, mwalimu."

Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wangecheka ningejua kwamba wengine wameelewa. Walinyamaza kwa sababu na wao walikuwa wanaona maghorofa.

Shule yenyewe iko kata ya Mabawe, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, upande ule wa kwetu ambako ukipanda kilima unaiona Burundi, na simu yako inaweza kukukaribisha nchi ya watu hata kabla hujatoka uani. Nimezaliwa huko, na wengi wetu nyumbani tunaongea Kihangaza. Watoto wale nilikuwa nawajua: wanahesabu mikungu ya ndizi, wanajua chenji ya dukani, wanajua mbuzi wangapi wamerudi jioni. Hesabu wanaiweza, hivyo tatizo lilikuwa mimi na grafu yangu ya magari.

Makala hii nawaandikia wenzangu wa elimu mnaojiandaa kwenda TP, na hata ninyi wa vitivo vingine mtakaokuja kuwa wazazi. Nataka kueleza kwa nini grafu ni ngumu kwa mtoto mdogo kuliko tunavyodhani, na namna ya kumfikisha hapo hatua kwa hatua. Kuna mambo niliyoyapata kwenye madesa, na mengine nimefundishwa na watoto wenyewe.

Kwa nini ni ngumu

Sisi tumezoea grafu hadi hatuoni tena kwamba ni lugha. Mtu anayeona mhimili mrefu na kuelewa "mengi" ameshakubali mambo kadhaa bila kujua: kwamba urefu unasimama badala ya idadi, kwamba upana wa mhimili hausemi chochote, kwamba rangi ni pambo tu, au ni alama iliyoelezwa pembeni, kwamba chini kabisa ni sifuri, kwamba kila hatua ya kupanda ina thamani ileile. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwa macho. Ni makubaliano ya watu, kama ilivyo kwa herufi.

Na makubaliano hayo si ya zamani sana. Mskoti mmoja, William Playfair, alichapisha mwaka 1786 kitabu cha biashara na siasa za Uingereza chenye grafu za mistari na ya mihimili, na mwaka 1801 akaleta ile ya duara. Watu walikuwa wameshahesabu, wamejenga na wamefanya biashara kwa maelfu ya miaka kabla mtu hajaona kwamba fedha inaweza kuchorwa kwa urefu. Kitu ambacho watu wazima wenye akili zao walichelewa hivyo kukigundua, sisi tunataka mtoto wa miaka tisa akielewe kwa dakika arobaini. Jamani!

Jerome Bruner, ambaye kila mwanafunzi wa elimu amekutana naye kwenye mtihani, alieleza mwaka 1966 kwamba tunayashika mambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Wengi tunaikariri hiyo tusipate sapu, halafu tukifika darasani tunaanzia mwisho. Grafu yangu ya magari ilikuwa alama tupu. Watoto hawakuwa wametenda chochote, na gari lenyewe kwa kule kijijini ni kitu kinachopita na vumbi lake.

Hatua ya kwanza: watoto wawe grafu

Mwalimu mlezi wangu, mama mmoja aliyefundisha miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, hakunisema. Aliniambia tu, "Kesho watoe nje."

Tukatoka. Nikachora kwa kijiti mstari mrefu ardhini, nikauliza: nani anapenda zaidi ndizi za kupika, nani maharage, nani ugali wa muhogo, nani viazi? Kila kundi likapanga foleni yake kuanzia kwenye mstari. Hapo ndipo mambo yakaanza. Foleni ya viazi ilikuwa na watoto wachache, lakini walisimama mbalimbali wakijinyoosha, ikawa ndefu kuliko ya maharage. Watoto wa maharage wakaanza kelele: "Wanadanganya, mwalimu! Wasogee!"

Hiyo "wasogee" ni nusu ya somo la takwimu. Bila mimi kusema neno, waligundua kanuni mbili: kila foleni ianze mahali pamoja, na nafasi kati ya mtu na mtu iwe sawa. Ukizivunja, urefu unasema uongo. Tungewaambia hayo ubaoni wangeyanakili na kuyasahau. Hapa waliyadai wenyewe kwa sababu walionewa.

Hatua ya pili: kitu kimoja kwa mtu mmoja

Tuliporudi ndani kila mtoto alipewa kizibo cha soda. Vizibo havinunuliwi, nilivikusanya madukani kwa siku mbili. Kila mmoja akaja mbele kuweka kizibo chake kwenye safu ya chakula chake. Sasa mtu amekuwa kizibo. Ni kuruka kukubwa, ingawa hakuonekani: yule binti wa maghorofa aliweka chake, akarudi kukaa, akanyoosha kidole na kumwambia jirani yake, "Mimi ni kile pale."

Usiharakishe hatua hii. Mtoto akishaweza kusema "mimi ni kile pale", grafu imekuwa watu, na haitakuwa ghorofa tena. Usipopata vizibo tumia visanduku vya viberiti, mbegu au mawe, mradi vyote viwe na ukubwa mmoja. Kuna siku nilichanganya kokwa za parachichi na maharage, nikarudia mwenyewe kosa la ile foleni ya viazi.

Hatua ya tatu: picha

Baada ya vitu huja takwimu kwa picha, na ndivyo vitabu vyetu vya Hisabati vya shule ya msingi vinavyoanza, kabla ya mihimili, mistari na duara. Hapa jihadhari na kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Nilipowaambia wachore mbuzi wa nyumba tatu za mfano, mtoto mmoja alichora mbuzi mdogo kwa nyumba yenye mbuzi wawili, na mbuzi mkubwa wa kutisha kwa nyumba yenye wanne. Kwake ilikuwa sawa: wengi ni wakubwa.

Tatizo ni hili. Ukimfanya mbuzi awe mara mbili kwa urefu, atakuwa mara mbili kwa upana pia, na sehemu ya karatasi anayoifunika inakuwa mara nne. Jicho litaona mara nne, wakati ukweli ni mara mbili. Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi jijini Vienna mwaka 1925, aliweka kanuni kwamba kitu kikiwa kingi zaidi rudia picha, usiikuze. Mbuzi wanne ni picha nne zinazolingana. Kanuni hiyo angeweza kuielewa hata bibi yangu, na ndiyo maana ilidumu. Ukitazama mabango mengi yanayobandikwa hapa kampasi, utaona tunaivunja kila siku.

Hatua ya nne: kizibo hakikatiki

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapowapoteza watoto.

Wiki ya pili tulianza kuhesabu mahudhurio. Kila asubuhi, viranja wawili wanahesabu waliofika na kupanga vizibo, kizibo kimoja kwa mtoto mmoja. Darasa lilikuwa la watoto zaidi ya hamsini. Siku ya kwanza tu safu ikaisha nafasi, vikabaki vizibo vya kumwaga. Nikauliza: tufanyeje? Wakabishana. Mmoja akasema tutafute ukuta mrefu. Mwingine, mtoto wa muuza duka, akasema: "Kama noti, mwalimu. Kizibo kimoja kiwe watano."

Ukiwatajia watoto kipimio kwanza, kinawachanganya. Ukisubiri hadi nafasi iishe, wanakileta wenyewe. Baada ya hapo tuliandika pembeni kwa herufi kubwa: KIZIBO 1 = WATOTO 5. Watoto arobaini na watano, vizibo tisa. Safi kabisa.

Siku iliyofuata walikuja arobaini na watatu.

Vizibo vinane ni arobaini. Hao watatu tuwaweke wapi? "Tuache," akasema mmoja. "Wasihesabiwe?" akauliza mwenzake, na yeye alikuwa mmoja wa waliochelewa. "Tukate kizibo." Kizibo hakikatiki. Walijaribu kwa meno, nikawazuia.

Nikachora ubaoni mstari wa wima wenye alama za tano, kumi, kumi na tano kwenda juu, kisha nikachora mhimili uliopanda hadi arobaini na kusogea kidogo, ukaishia kati ya arobaini na arobaini na tano. "Watatu wako hapo," nikasema. Mhimili, tofauti na kizibo, unaweza kuishia popote. Hiyo ndiyo kazi yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa grafu ya mihimili. Sikuwahi kuiona sababu hiyo mwenyewe mpaka siku ile, na nilikuwa nimefaulu Hisabati.

Kumbuka pia safu isiyo na kitu. Siku tulipochora vitongoji watoto wanakotoka, kitongoji kimoja hakikuwa na mtoto yeyote darasani, na watoto walitaka kukifuta. Tukakiacha na jina lake chini na nafasi tupu juu. Sifuri nayo ni habari.

Maswali ya aina tatu

Mtafiti mmoja wa Marekani, Frances Curcio, alieleza mwaka 1987 kwamba kusoma grafu kuna ngazi tatu. Naziita hivi: kusoma kilichoandikwa, kusoma katikati, na kusoma kupita pale.

Ngazi ya kwanza: Jumatatu walikuja wangapi? Jibu liko palepale, mtoto analitoa kwa kidole. Ngazi ya pili: Jumatatu walizidi wa Jumanne kwa wangapi? Lazima alinganishe vitu viwili. Ngazi ya tatu: kwa nini siku ile walikuwa wachache, na wiki ijayo unadhani itakuwaje? Jibu haliko kwenye karatasi. Mtoto analeta anachokijua kuhusu maisha.

Maswali yangu kuhusu magari hayakuvuka ngazi mbili za kwanza, isipokuwa lile la mwisho lililoniumbua. Mtoto anaweza kupata vema zote za ngazi ya kwanza bila kuelewa grafu hata kidogo, na mwalimu akaandika "somo limeeleweka" kwenye tathmini yake. Nilikaribia kuandika hivyo.

Kwenye ngazi ya pili usisahau lugha. "Zaidi ya", "zaidi kwa", "pungufu kwa", "mara mbili ya": kwa mtoto ambaye Kiswahili amekikuta shuleni, haya ni maneno yanayofanana sana. "Ishirini zaidi" na "zaidi ya ishirini" vimewafanya watoto wenye akili nzuri wakose swali. Nikagundua nikiuliza kwanza kwa Kihangaza, halafu tukasema wote kwa Kiswahili, wanaolia wakati wa mazoezi wanapungua.

Grafu ikisema kweli

Mwisho wa wiki ya nne tulikuwa na mihimili ya mahudhurio ya siku kumi na tano ukutani. Nikauliza swali la ngazi ya tatu: mnaona nini? Hawakukawia. Kila wiki kulikuwa na mhimili mmoja mfupi, siku ileile. "Siku ya gulio," wakasema kwa pamoja, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

Sasa hapo yule binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, wavulana wanakuja." Sikuelewa. Akasimama, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya ule mhimili mfupi. "Hawa waliokuja ni wavulana. Sisi tunabaki na watoto, mama akienda gulioni."

Tukagawa mihimili: wa wasichana na wa wavulana, ubavu kwa ubavu. Alikuwa sahihi. Mwalimu mlezi alisimama nyuma ya darasa, mikono kifuani. Daftari la mahudhurio alikuwa nalo miaka yote, na tiki zilikuwa mle ndani. Lakini tiki hazikuwahi kusimama ukutani zikamtazama. Siku ya kikao cha wazazi aliomba ile karatasi, akaenda nayo. Siwezi kusema gulio limeacha kuwapo au wadogo wamepata mlezi mwingine. Ninachojua ni kwamba kwenye kikao kile wazazi walibishana kuhusu mhimili uliochorwa na binti zao, na hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

Na kwa nini hawakuhitaji? Kwa sababu mama wa kijijini anasoma grafu kila mwezi. Kadi ya kliniki ni grafu: miezi ya umri inakwenda kulia, kilo zinapanda juu, na nukta zinaunganishwa kuwa mstari. Kadi za aina hiyo zilianza kujulikana kutokana na kazi ya daktari David Morley huko Nigeria, miongo kadhaa iliyopita, naye alizikusudia zikae mikononi mwa mama mwenyewe. Muuguzi anachotazama si ukubwa wa kilo peke yake, bali mstari unaelekea wapi. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala au ukishuka, kuna jambo, hata kama mtoto bado anaonekana ana mashavu.

Nilipochora ubaoni kadi ya mfano, darasa lilitoa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu mjini. Wengi wa wasichana wale wameshabeba wadogo zao mgongoni hadi kliniki. Miaka michache ijayo kadi itakuwa yao. Hapo ndipo niliacha kufikiri kwamba mada ya takwimu ni alama mbili tatu za mtihani wa darasa la saba.

Na sisi je?

Tusijidai tumemaliza ngazi zote tatu. Jaribu hili. Sensa za Tanzania zinatuambia tulikuwa takriban milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Chora mstari, ukipanga miaka hiyo sita kwa nafasi sawa kwenye mstari wa chini, kama wengi wetu tunavyofanya kwenye kazi za kikundi saa sita usiku. Utaona kati ya 2002 na 2012 ongezeko limepungua kidogo kuliko lile lililotangulia: milioni 10.5 dhidi ya 11.3. Utaandika aya nzima kueleza kwa nini kasi ilishuka.

Haikushuka. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka kumi na minne. Kutoka 2002 hadi 2012 ni kumi. Kwa mwaka, ongezeko lilipanda kutoka kama milioni 0.8 hadi kama milioni 1.05. Umefanya kosa lile lile la foleni ya viazi, kwamba nafasi kati ya mtu na mtu haikuwa sawa. Tofauti ni kwamba wewe hukuwa na watoto wa maharage wa kukupigia kelele wasogee.

Kwa hiyo, mwenzangu unayesubiri bumu liingie ukanunue manila na maka peni za TP, nunua, lakini anza na mfuko wa vizibo. Watoe watoto nje kabla hujawapa rula. Waache waishiwe nafasi ndipo ulete kipimio, na waache wakwame kwenye kizibo kisichokatika ndipo ulete mhimili. Tafuta data yao wenyewe, mahudhurio, mvua kwenye kopo la uwanjani, maji yanayotumika shuleni, uachane na magari ya duka lisilojulikana. Na kila kipindi, hata kikiwa cha mwisho mchana na njaa inauma, uliza walau swali moja ambalo jibu lake haliko kwenye karatasi.

Ile manila ya magari bado ninayo chumbani, hosteli, nyuma ya mlango. Rafiki zangu husema ni nzuri, na kweli mistari imenyooka. Kila nikiiangalia sasa naona maghorofa.